Pandu Khatib na Kikombe cha Idi Pili

Mtu wa Wete akikwambia kwamba alimwona Pandu Khatib akiogelea, usimsadiki upesi. Gatini alikuwapo, hilo silikatai. Walikuwa wakijazana pale kila Idi pili, kanzu mpya, kofia mpya, hina mikononi mwa wake zao. Lakini macho yao hayakuwa kwa mwogeleaji. Yalikuwa yakitafuta hirizi.

Pandu alikuwa kijana wa Fundo, kisiwa kilicho mbele ya Wete, na kazi yake ilikuwa kuvusha boriti. Boriti zikishakatwa mikokoni hufungwa mafungu kwa kamba, na mtu hushuka nazo majini akazisukuma na kuziburura mpaka bandarini. Mwenye akili husaidiwa na maji yajaayo, asiye na akili hupigana nayo. Pandu aliianza kazi hiyo hajaota ndevu, na alikuwa na akili. Mabega yakampanuka hata kanzu za dukani zikawa hazimwingii, ikabidi mamake, Bi Mize, amshonee mwenyewe. Mtu yeyote angeyatazama mabega yale angefahamu kila kitu, lakini kwa watu wetu hilo lilikuwa jambo jepesi mno, hawakuweza kuliamini.

Mashindano yalianza mwaka 1957. Idi ya Ramadhani huangukia mwezi mchanga, wakati wa bamvu, maji makubwa, na alasiri bandari ya Wete hujaa mpaka ngazi za gati zikamezwa. Waogeleaji walitoka ngazini, wakalizunguka boya, wakarudi. Wakubwa wa serikali na matajiri wa karafuu walikaa chini ya turubai wakinywa sharubati, wengine wakala jua. Pandu aliingia kwa jina la klabu moja ya mjini ambayo haikuwa na mwogeleaji hata wa dawa, ila ilikuwa na nahodha, Bwana Himid, mtu wa miwani na maneno mengi, aliyekuwa haogi baharini kwa kuogopa mafua.

Pandu aliwaacha wenzake mbali, akaishika ngazi, akakaa akiwangoja. Wa pili alikuwa Sleiman Badar, kijana wa wenye mashamba ya Wawi, aliyesoma Unguja na kujifunza huko kuogelea kwa mtindo wa kitabuni. Alipotoka majini alimpa Pandu mkono, akamwambia, "Umenishinda, tena vizuri." Siku nzima ile ndilo neno pekee la maana lililosemwa pale.

Kwani Himid alipopewa kikombe, alishukuru klabu, akashukuru wafadhili, akajishukuru mwenyewe kwa mzunguko, kisha akashusha sauti kama mwenye siri ya nchi. "Na tusimsahau mzee wetu wa Msuka."

Basi watu wakatikisa vichwa, eti wamefahamu. Kesho yake gari zikapakia kwenda Msuka kumpongeza Mzee Safari, mganga, ambaye maji aliyoyajua ni ya kutawadhia. Alipelekewa mbuzi, alipelekewa kitambaa cha kanzu, alipelekewa na kikombe chenyewe akishike apigwe picha nacho. Mwenye kuogelea alikuwa Fundo, maji yamemfika kiunoni, anafunga boriti.

Hirizi kweli alikuwa nayo. Himid alimfunga mkononi asubuhi ile, naye aliikubali kwa adabu, kama mtu anavyokubali kikombe cha pili cha kahawa asichokitaka. Hakudhani kwamba adabu ile ingemnyang'anya ushindi wake. Mwaka wa pili akashinda, gari zikaenda Msuka. Mwaka wa tatu akashinda, zikaenda gari zaidi. Siku moja anapita sokoni Wete, mama mmoja muuza ndizi akamwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Mganga kaogelea vyema mwaka huu." Pandu akasimama. Alitaka kumuuliza yule mama kama mganga ndiye aliyemeza maji ya chumvi pale boyani. Akaona haya, akenda zake.

Lakini neno lile hakulisahau. Hakuwa akitaka mbuzi wala kitambaa. Alitaka jambo moja tu: siku moja aishike ile ngazi, watu waseme Pandu kashinda, basi, wasimtie mtu mwingine ndani yake.

Kabla ya Idi ya mwaka 1960 akamwendea Himid. "Bwana Himid, mwaka huu sivai kitu."

"Unataka kuitia klabu aibu?"

"Nataka kuogelea."

Himid akacheka kile kicheko chake cha puani, akadhani kijana anatafuta kubembelezwa. Siku ilipofika akamfunga hirizi kama kawaida, na Pandu akamwachia. Alingoja mpaka amesimama juu ya ngazi, turubai zima linamtazama, ndipo akaikata ile kamba kwa kisu cha boriti na kumtia Himid hirizi yake mkononi. "Mpelekee Mzee Safari," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Mwambie aingie majini nayo, boya lile pale."

Watu wakashika vinywa. Pandu akajitosa. Nasema kwa haki, hajapata kuogelea vile kabla wala baada. Alilizunguka boya Sleiman angali njiani kulifuata, akarudi akaishika ngazi, akageuka kuutazama umma wa Wete, anangoja lile neno moja.

Unajua walisema nini? Walisema dawa ya mwaka huu kali, haihitaji hata kuvaliwa.

Na gari zikaenda Msuka.

Pandu alirudi Fundo amefura, lakini ndani yake alikuwa na raha. Wao na ujinga wao, yeye alikuwa anajua. Alimkuta mamake jikoni akikuna nazi, akakaa kizingitini, akamhadithia mambo yote, hirizi na kisu na maneno ya gatini. "Wacha wapakie magari yao," akasema. "Leo nimeshinda peke yangu, mama. Mimi najua."

Bi Mize akaendelea kukuna. Kisha akaacha. "Mwanangu, n'kwambie kitu? Usinikasirikie."

"Sema, mama."

"Nilipofahamu hutaki kuvaa, nilikwenda Msuka mwenyewe. Mzee Safari kanipa unga. Nimekutilia katika uji wa futari, kumi lote la mwisho la Ramadhani." Akamtazama kwa huruma, maskini, kama mtu aliyefanya jema. "Ningekuwachaje uingie baharini mtupu? Miye mamako."

Hapa ningependa nikwambie kwamba Pandu alicheka. Unga wa mtama na jivu, nini tena? Mtu aliyemkejeli mganga mbele ya mji mzima angeshindwa na bakuli la uji? Lakini hakucheka. Alikasirika, alitoka, alizunguka pwani, akarudi akiwa ameshaanza kuhesabu: mbona mwaka ule alikwenda mbio kuliko miaka yote? Kutoka siku hiyo akawa hawezi kusukuma fungu la boriti bila kujiuliza kama anayesukuma ni yeye au ni uji. Ujinga ule aliowachekea wenzake ukamwingia naye kwa kijiko cha mamake, na haukumtoka.

Ukaja mwaka 1961, mwaka wa uchaguzi. Vyama viliwagawa watu hata wakawa hawazikani, duka hili la hawa, gari ile ya wale. Juu ya mganga wa Msuka tu ndipo walipokubaliana wote. Bi Mize alikuwa hatembei, miguu imemvimba. Ramadhani ilipokuwa inakwisha Pandu akamuuliza, akijifanya anatafuta kamba pembeni, "Mama, mwaka huu umekwenda?"

"N'ende kwa miguu ipi, mwanangu?"

"Afadhali," akasema Pandu. Lakini alitoka bila kamba.

Siku ya tatu yake akavuka Wete, akapanda gari ya Konde, akamalizia kwa miguu mpaka Msuka, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Mzee Safari alimpokea bila kushangaa. "Nilijua utakuja," akamwambia, maana waganga wote husema hivyo kwa wote wanaokuja. Bingwa wa bandari akakaa mkekani, miguu ameikunja, akaipokea hirizi kwa mikono miwili.

Idi pili akashinda. Bila shaka akashinda. Mabega yalikuwa yale yale. Sleiman Badar alifika wa pili, akatema maji, akamfuata pale ngazini, akamshika mkono kwa furaha ya kweli.

"Miaka yote nakutazama unavyolizunguka boya lile," akamwambia. "Wenzangu wananicheka, wanasema ni uganga. Mimi nawaambia ni mkono na pumzi, nimekuona kwa macho yangu. Nifundishe, Pandu. Unafanyaje?"

Pandu akatazama chini. Kidole chake kilikuwa kinaitafuta hirizi ndani ya kitambaa alichojifunga kiunoni, aone kama ipo.

"Nenda Msuka," akasema.

Sleiman akauachia mkono wake, akaenda kutafuta viatu vyake.