Karamu ya Mama Yangu Aliye Hai

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa bakuli.

Kwenye meza ya marehemu, nyumbani kwetu mjini Hoi An, huwa kuna mabakuli matatu ya wali. La babu, la bibi na la baba yangu. Mimi ndiye ninayeyapanga kila siku, siwezi kukosea.

Asubuhi ile yalikuwa manne.

Nikadhani Mama Mkubwa kachanganya. Nikanyoosha mkono nilitoe lile la ziada, nikainua macho.

Nikatazamana na mama yangu.

Yuko kwenye fremu nyeusi, katikati ya bibi na baba, anatabasamu. Mbele yake vijiti vya udi vinafuka moshi.

Jamani, mama yangu hakuwa amekufa.

Najua wengine mtasema, "Picha tu hiyo, dada, mbona unakuza mambo?" Kwetu picha ya mtu aliye hai haikai pale hata kwa utani. Ukimwekea mtu hai wali na udi, umemwita upande wa pili. Mtoto mdogo akicheza mchezo huo anachapwa.

Sasa aliyefanya hivyo ni mtu mzima mwenye mvi.

Mama Mkubwa anaitwa Cuc, ni mke wa kaka yake baba. Baba alifariki kwa ini. Mama akaenda Taiwan kulea wazee wa watu, mimi nikaachwa hapo. Nilikuwa darasa la nne. Shule ikaishia hapo, jiko likaanza.

Mwaka wa kwanza mama alipiga simu. Baadaye kimya.

Lakini mzima alikuwa mzima. Jirani yetu aliyerudi kutoka huko kula sikukuu ya mwaka mpya alikutana naye sokoni, kanenepa, kapaka nywele rangi. Mimi nilikuwa na majibu yangu tayari. Bosi wake mkali. Simu imeibwa. Namba imepotea. Mtu akimsema mama, nilimtetea kimoyomoyo mpaka kichwa kiniume.

Kimoyomoyo, kwa sababu mimi ni mtu wa aibu. Jina langu ni Nhien lakini nyumba nzima waliniita Hen, yaani wale chaza wadogo wa mto wetu. Kwetu mtu asiyesema tunasema kafunga mdomo kama chaza.

Siku ile nilijikaza. Nikaingia jikoni. Mama Mkubwa, ambaye huwauzia watalii chakula hapo nyumbani, alikuwa anafinya vile vidonge vyeupe vya unga wa mchele vyenye nyama ya kamba ndani, ambavyo wageni wanaviita waridi jeupe.

"Mama Mkubwa... ile picha..."

"Ongea kama mtu. Picha gani?"

"Ya mama."

"Nzuri, eeh? Nimeitoa kwenye albamu yenu, nikaenda kuikuza."

"Mama yu hai."

"Nani kakwambia? Kakupigia lini?"

Nikaanza kuhesabu miaka kwenye vidole.

"Ndiyo hivyo. Sikiliza, wewe chaza. Babu yako kanuna kama kaibiwa kuku. Bibi yako hana jino. Mgeni gani atalia kwa nyuso zile? Mama yako alikuwa mzuri. Na yeye aisaidie nyumba hii, si alikula humu?"

Nikageuka na hasira zangu, nikaenda kuosha kamba.

Wazo lenyewe lilikuwa la Khoi, kijana anayetembeza wageni. Suruali ya kubana, kipaza sauti kiunoni, mdomo hauna breki. Asubuhi anawapitisha kwenye daraja la kale lenye paa, anawapeleka kwa fundi wapimwe nguo, jioni anawapandisha mashua wakaelee na taa za karatasi mtoni. Mchana ulikuwa unampwaya. Akamwambia Mama Mkubwa, "Shangazi, chakula kila mtu anacho. Wape kitu cha moyoni. Wape karamu ya marehemu."

Karamu ya marehemu si mchezo. Kwetu aliyefariki anaitwa nyumbani mara moja kwa mwaka, siku ileile aliyokata roho. Ndugu wanapika alichokuwa anakipenda, wanamwashia udi, anakuja, anakula, anaondoka. Sisi tunakula kilichobaki. Hata ndugu waliogombana wanakuja siku hiyo.

Mama Mkubwa akaigeuza ikawa ya kila siku.

Kila mchana mama yangu alikufa upya. Hadithi ilikuwa hivi: mafuriko yaliingia mjini, watu wakapanda darini, yeye akarudi chini kuokoa picha ya mume wake, maji yakamchukua. Mama Mkubwa akifika hapo anajigusa kifuani, anatazama mlangoni kana kwamba maji bado yapo. Khoi anatafsiri, sauti kaishusha.

Halafu Mama Mkubwa ananionyesha mimi.

"Na huyu ndiye binti yake. Mwanangu, njoo."

Mbele ya wageni nilikuwa mwanangu.

Alinifunga kitambaa cheupe cha matanga kichwani. Hicho kinavaliwa mazishini, kwenye karamu ya kila mwaka hakivaliwi, kila mtu mjini anajua. Nikamwambia. Akasema, "Mzungu anajua hilo? Vaa."

Basi nikamvalia matanga mama ambaye muda huohuo pengine alikuwa anachagua vitunguu sokoni.

Siku moja mama mmoja wa kizungu alinikumbatia akalia begani kwangu mpaka blauzi ikalowa. Mimi macho makavu. Khoi akamwambia, "Huyu machozi yamemwishia." Wote wakatingisha vichwa kwa huruma. Nilitamani kummwagia Khoi bakuli la mchuzi.

Nikaenda kwa Baba Mkubwa Toai. Yeye anatengeneza taa za hariri uani, anakunja mianzi kutwa.

"Baba Mkubwa, huyu ni mke wa mdogo wako. Anaitiwa kifo kila siku."

Akaendelea kukunja.

"Mambo ya mezani muulize mama yako mkubwa."

"Nimemuuliza."

"Basi umejibiwa."

Mwanaume mzima!

Nikaamua mwenyewe. Asubuhi wakiwa sokoni nikaishusha ile picha, nikaificha nyuma ya pipa la unga. Nikajiona shujaa. Mama Mkubwa aliporudi hakutafuta hata kidogo, alikwenda moja kwa moja, kama paka kwenye samaki. Kofi alilonipiga lilinigonganisha na mlango.

"Ukiigusa tena, ufuatane nayo. Tuone huyo mzima wako atakupokea wapi."

Nilikuwa sina pa kwenda. Nikairudisha kwa mikono yangu.

Tangu siku hiyo, kila nilipowasha udi niliupeleka kwa babu, kwa bibi, kwa baba. Wa mama niliushika kinyume, ncha ya moto chini, ili moshi usimfikie. Ndicho nilichoweza. Mama asife, ashushwe pale, basi. Sikuomba kingine duniani.

Ikapita misimu.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Khoi aliingia na kundi lake, makoti ya mvua ya plastiki yanachuruzika sakafuni. Wazungu kadhaa, na nyuma yao mwanamke mmoja mwenye kofia pana, miwani ya jua na barakoa. Hakuongea na mtu. Khoi akaninong'oneza, "Huyo Mtaiwan, analipa bila kuuliza bei. Mpe nyama nyingi."

Tuliandaa cao lau, zile tambi nene za kwetu zenye nyama ya nguruwe juu. Wageni huanza na nyama, wakifika kwenye mboga za chini wanashangaa. Yule mwanamke alishusha barakoa kidogo, akaingiza vijiti mpaka chini ya bakuli, akapandisha mboga zote juu, akachanganya, ndipo akaonja.

Nikamtazama mikono.

Hivyo wanakula watu wa hapa tu.

Mama Mkubwa wakati huo kaiva. "...nikamwita, Luu, Luu, mdogo wangu, acha hiyo picha, panda juu! Akageuka akaniangalia kwa mara ya mwisho..."

"Nilikuangaliaje?"

Kilikuwa Kivietinamu. Tena cha kwetu kabisa, kile kizito cha mkoa wetu wa Quang Nam ambacho watu wa Hanoi wanakicheka.

Mama Mkubwa akamgeukia.

Yule mwanamke akavua kofia. Akavua miwani. Akafuta midomo kwa utaratibu.

"Dada Cuc, endelea tu. Nataka kujua maji yalinifikisha wapi."

Mama Mkubwa akapiga yowe, "Mzimu! Mzimu!" akarudi kinyumenyume, akakalia sahani ya waridi jeupe.

Khoi alitazama picha, akamtazama mwanamke, akatazama picha. Kipaza sauti kikamponyoka, kikapiga mlio mkali.

Na wageni, mtaniamini?

Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mmoja alisimama kabisa.

Baba Mkubwa akachungulia kutoka uani, kisu cha kupasulia mianzi mkononi. Akamwona. Akasema maneno ya kwanza ya maana tangu nimfahamu:

"Luu. Tambi zitapoa."

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kitambaa cha matanga kichwani. Mama kaja! Kasikia! Kaja kunitoa!

Khoi akawatoa wageni mbiombio. Ndipo vita ikaanza.

"Umenifanya maiti kwa ajili ya tumbo lako!" mama alifoka. "Mtu kanionyesha video kwenye simu. Ananiuliza, huyu si wewe? Nikajiona na udi puani!"

Mama Mkubwa alishajifuta unga makalioni, na ulimi umemrudia.

"Sasa ulitaka nifanyeje? Mtu hapigi simu, haandiki, haulizi mtoto wake ana nguo au hana. Tofauti yako na marehemu ni ipi?"

"Nina maisha yangu kule! Nina mume, nina watoto wawili wa shule!"

Nikasikia vizuri. Mume. Watoto wawili wa shule.

"Tangu niione ile video sina amani," mama aliendelea. "Mgongo unaniuma, duka langu limekufa, mtoto wangu kalazwa. Mganga kaniambia kuna mahali unaitwa. Nimekuja kujitoa. Hilo tu."

Akapanda kiti, kwa viatu vyake, mbele ya bibi na baba. Akaishusha picha. Akaitoa kwenye fremu, akaikunja, akaitia mkobani. Lile bakuli la nne akalimwaga wali kwenye ndoo ya maganda.

Halafu ndiyo akanigeukia.

"Hen. Umekua."

Mdomo wangu ukajifunga kama chaza.

"Mbona umevaa hicho? Kivue, kinaleta mkosi."

Nikakivua.

"Gari linanisubiri, ndege yangu ni jioni hii kutoka Da Nang. Nitakupigia."

Hakuniomba namba.

Nilisimama mlangoni nikamwona anaruka madimbwi, kofia kaishika, akapotea kwenye kona ya mtaa wenye taa za hariri. Nyuma yangu Mama Mkubwa alishaanza kumwambia Khoi kwamba kuna sura nzuri ya mwanamke kwenye kalenda ya mwaka juzi, kwamba hiyo haina ndugu wa kuja kulalamika.

Nikafunga nguo zangu siku ileile. Sasa nafinya vidonge vyeupe kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto, mtaa wa Cam Nam. Analipa kila wiki na hajawahi kuniita chaza.

Watu wananiuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba hasira ni rahisi kumpa mtu usiyempenda. Mama Mkubwa alinikosea, simsamehei, na kofi lake nalikumbuka. Lakini miaka yote ile nilimpigia yeye peke yake kelele za moyoni, huku nikimtungia udhuru mama, aliyestahili nusu kubwa ya hasira hiyo. Usimtungie mtu udhuru. Kama anao, atakuja nao mwenyewe.

Kuna neno sikulisema pale mlangoni. Nalisema hapa mtandaoni, maana nasikia mama huwa anaangalia simu.

Mama, baba yangu ni marehemu, na kila mwaka siku yake ikifika anarudi nyumbani, anakula na mimi. Hajakosa hata mwaka mmoja.

Wewe uliye hai umekosa yote.