Mbuzi wa Jirani Nyuma ya Choo

Mwezi uliopita, katika soko la Ariwara, nilimsikia mbuzi akikohoa. Unaijua sauti hiyo, rafiki yangu? Ni kama ya mzee aliyekaa karibu mno na moshi. Nikainama nikamtazama puani, nikaona maji. "Ni mavumbi tu, mama," muuzaji akaniambia. Nikamrudishia kamba yake nikaondoka, na hata chumvi iliyonipeleka sokoni nikaisahau.

Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alifuga mbuzi sita na kondoo mmoja uani kwetu mjini Bunia. Hakuwa na kitu kingine duniani, ukituondoa mimi na kaka yangu. Kila asubuhi, viazi vitamu vikiwa bado jikoni, alimvuta kila mmoja kope la chini. Kope jekundu, mzima. Kope jeupe, ana minyoo, na siku hiyo nilitumwa kwa veterineri wa mtaa kuomba dawa. Mimi nilikuwa wa kufagia banda na kumwaga majivu sakafuni, na harufu ya mkojo wa mbuzi niliibeba hadi darasani, wenzangu wakaziba pua kwa kunitania. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mnyama mgeni afungwe nyuma ya choo, peke yake, mpaka mwezi uishe. "Hata kama ni mbuzi ya askofu," alisema.

Jirani yetu aliuza samaki wa kukausha kutoka ziwani. Ukuta wa miti tu ndio uliotutenganisha, na kinu kilikuwa kimoja kwa nyumba mbili. Kwamba yeye alikuwa wa kabila lile na sisi wa hili, mimi nilikuja kuambiwa na vita. Mchana mmoja alifika na godoro kichwani na mbuzi jike kwenye kamba, watoto wake wakimngoja barabarani.

"Mama, siye tunaenda. Unichungie huyu."

Koko akamfuta mbuzi pua kwa kidole. "Iko na maji mu mapua."

"Ni mavumbi ya njia ya Bogoro. Nilimutoa kule juzi."

"Haya. Kama Mungu anasaidia, utamukuta."

Wakashikana mikono kwa muda mrefu. Kisha Koko akamfunga mgeni nyuma ya choo, kama ilivyokuwa sheria, akaniambia: "Weye, usimuchanganyishe na zetu."

Tatizo ni kwamba mbuzi wa peke yake hulia. Analia kutwa nzima, na siku zile watu wenye bunduki walipita mitaani wakisikiliza milio kama hiyo. Kwa mwalimu, ng'ambo ya barabara, walimfuata mbuzi aliyelia wakaondoka na kila kitu, na mwalimu mwenyewe hatukumwona tena. Mbuzi wetu, kwa kuwa walikuwa pamoja, walinyamaza bandani.

Siku ya tatu Koko alikwenda kuchimba mihogo. Kaka alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikasikia viatu vingi barabarani, na nyuma ya choo yule mbuzi akaanza. Nilimfungua, nikamsukuma bandani, akajipenyeza katikati ya wenzake, kimya. Nikakaa naye chini, kiganja changu mdomoni mwake, kamasi yake ya moto ikiteleza kati ya vidole vyangu. Viatu vikapita. Nilipomrudisha mahali pake nilinawa mikono kwa majivu, na Koko alipofika sikusema neno. Niliogopa kuchapwa. Ndiyo sababu yenyewe. Usinitafutie nyingine iliyo nzuri zaidi.

Haikufika wiki. Kwanza macho ya kondoo yalinata matongo. Kisha mbuzi wote wakaanza kukohoa, midomo ikaota vidonda hadi chini ya ulimi, wakaharisha maji yenye kunuka hivi kwamba hata chakula kilituchefua. Veterineri alikuwa amekimbia, na duka la dawa lilikuwa limevunjwa milango. Koko aliwaosha vinywa kwa maji ya chumvi, akawanywesha uji kwa chupa, akiwaita wanangu, wanangu. Walikufa mmoja mmoja. Watu wenye njaa waliomba nyama, akakataa, akawazika wote saba kwa jembe lake mwenyewe.

Yule wa nyuma ya choo alikohoa siku chache, akapona.

Koko alikaa mlangoni akimtazama. "Nilimufunga mbali," akasema. "Ugonjwa haiwezi kuruka choo. Hii walitutumia." Yeye aliyekuwa akiwafukuza uani watu wa kusema vibaya kabila la jirani, siku hiyo alisema kama wao. Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa. Ningeweza kusema. Jioni ile alikata kamba, akamtoa mbuzi barabarani kwa fimbo.

Bunduki zilipopungua, jirani alirudi, amekonda, na mtoto mmoja badala ya watatu. Alisimama nje ya ukuta na samaki wawili kwenye jani la mgomba, shukrani ya kuchungiwa mbuzi wake. "Mama, nakuja kukusalimia tu." Koko hakumfungulia. Jirani akawaacha samaki juu ya mti wa ukuta akaenda zake, na Koko akanituma niwatupe chooni. Niliwatupa.

Koko alifariki na neno hilo moyoni. Banda halipo, ukuta wa miti umekuwa wa matofali, na kinu sijui kiliishia wapi. Kuhusu jirani nimeuliza hadi Boga, hakuna anayemjua. Kilichobaki ni hadithi. Kaka yangu huisimulia kila familia ikikutana, jinsi watu wale walivyotutumia ugonjwa ndani ya mbuzi, na watoto wake wanaijua kwa moyo.

Krismasi iliyopita binti yake mdogo alinigeukia mezani. "Shangazi, weye ulikuwa pale. Ni kweli?"

Wote wakaningoja. Nikaomba wanisogezee bakuli la sombe.