Siku Mbili Bergen, na Mtamba Wangu Bihogo

Kila ninaposikia ile mashine ya ofisini ya kubania karatasi, klak, mimi husafiri. Karani anadhani ninasubiri cheti, kumbe niko Bergen, mji wa bandari kule Norveji, ninatazama mashua.

Nieleze vizuri. Mwisho mwisho wa miaka ya sitini, kwenye mlima wetu wa Masisi, dispanseri ilikuwa na muuguzi Mzungu, mwanamke asiye na mume, tukamwita Madmwazeli. Mimi, msichana wa miaka tisa, nilimpelekea maziwa kila asubuhi. Mezani kwake kulikuwa na darubini nyeusi ya plastiki. Unaingiza kisahani cha karatasi, unaweka macho, unabonyeza kipini, klak, na picha inasimama mbele yako mpaka unanyoosha mkono kuishika. Picha saba, zote za mji wake. Aliniruhusu kutazama moja kwa siku. Nikapiga hesabu: picha saba, na Jumapili siendi. Haikukaa sawa.

Jumamosi moja, alipokuwa anashuka Kirotshe, kule ziwani, mpaka Jumatatu, nikamwambia nyumba tupu huita panya, na panya wanapenda sana plastiki. Afadhali kitu hicho kilale kwetu. Akacheka kwa pua.

"Haya. Muende Bergen, murudi Jumatatu."

Basi tulienda, mlima mzima. Jumapili baada ya ibada watu walijipanga uani kwetu, kila mmoja akiinua darubini kuelekea jua. Nyumba za mbao, nyekundu na za manjano, zimebanana ukingoni mwa maji. Mashua zenye milingoti. Samaki wamelundikwa mezani. Barabara inang'aa kwa mvua.

"Kumbe na kwabo mvua iko inanyesha vile," alisema Mama Furaha, jirani yetu mkulima, kwa sauti ya pole. "Lakini shamba ya maharagi iko wapi? Banakula nini?"

"Samaki," nikamjibu.

"Na kesho yake?"

"Samaki."

"Masikini."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu kila kitu. Nyumba arobaini na moja, mashua kumi na tisa. Ng'ombe, hakuna. Nikaanza upya kutoka picha ya kwanza. Hakuna. Nikatangaza kwa sauti, kwa majivuno ya mtu aliyegundua jambo.

Papa, baba yangu, aliyekuwa na ng'ombe sita na aliyeongea nao zaidi kuliko alivyoongea nasi, akalaza fimbo yake chini.

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi, Papa. Nimehesabu mara mbili."

Akaichukua darubini, akatazama zote saba polepole, akarudia ya mwisho. Kisha akasema, "Kesho tutamupa Madmwazeli Bihogo."

Bihogo hakuwa katika wale sita. Alikuwa mtamba wangu. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea kwa kumnyonyesha vidole vyangu vilivyochovywa kwenye maziwa, na Papa alisema mbele ya watu kwamba ni wangu. Kwetu, kumpa mtu ng'ombe ni kufunga naye undugu, na ndama jike wa kwanza hurudi kwa aliyetoa. Desturi niliijua. Sikujua tu kwamba mdomo wangu mwenyewe ndio ungemtoa Bihogo zizini.

Jumatatu Papa alivaa koti lake la Noeli. Alisimama mlangoni kwa Madmwazeli, akasema maneno yake marefu, akamkabidhi kamba. Yule mama akawa mwekundu, akainama sikioni kwangu.

"Ni lazima nipokee? Nikikataa ni vibaya?"

Hapo neno moja lingeniokoa, na angeniamini. Nikamtazama Bihogo. Nikamtazama Papa, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Ukikataa, Papa ataona haya mpaka Noeli ingine," nikamwambia. "Pokea. Lakini haujue mambo ya ngombe. Nitakuja miye, kila jioni."

Akapokea. Tangu siku hiyo watu walianza kupitia kwake kuuliza ng'ombe ameamkaje, mwingine kulaumu majani, mwingine kulaumu kamba. Akaweka benchi nje, kisha la pili. Bihogo akazaa dume. Desturi haikuwa na la kunisaidia.

Miaka mingi baadaye, Papa akiwa mzee, nikamdai maelezo.

"Ule muji haukukuwa masikini," akasema. "Kila dirisha iko na kioo. Minaona na macho, weye."

"Sasa ngombe ya nini?"

"Madmwazeli alikuwa anakula peke yake."

"Na zile sita zako? Mbona yangu?"

Akaomba chai. Jibu nililipata mwenyewe, nilipokuwa tayari na watoto: katika wale sita hakukuwa na hata mmoja ambaye msichana wa miaka tisa angemfuata mpaka kwenye nyumba ile kila jioni, mvua ikinyesha, akakaa mpaka chakula kikaiva.