Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala kipimajoto. Nilipewa mfuko wa mchele uliofungwa kwa kipande cha raba, nikaambiwa niufungue. Ilikuwa kwenye kliniki ya wanyama hapa Kisangani, na mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Docteur Chef, alikuwa amesimama kando yangu. Mama mwenye mfuko alikuwa anaeleza kwamba paka wake anatapika. Nikafungua. Paka alitoka na kucha zote nje, akamchana Docteur Chef kiganja, akapanda kabati la dawa, akapita dirishani, na hatukumwona tena. Yule mama alilia. Docteur Chef aliosha damu polepole kwenye beseni, kisha akanigeukia mimi, si yule mama.

"Mufuko iko ya kutupa, haiko ya kupeleka," alisema. "Mutu mwenye atakuja na mufuko, arudie kwake, atafute kitunga."

Nilikuwa muuguzi wa wanyama maisha yangu yote ya kazi, na sentensi hiyo nimeirudia mpaka sauti imenikauka. Sasa nimestaafu na bado naikuta mifuko mlangoni. Kwa hiyo nitaiandika, na anayetaka kununa anune.

Kwanza mjue mfuko unatoka wapi. Kwetu, paka mwizi wa samaki hapigwi wala hauawi. Anatiwa mfukoni, mdomo wa mfuko unafungwa, anavushwa mto hadi Lubunga na kuachiwa huko. Anafungwa ili asione njia, maana paka akiona njia atarudi. Hata anayehamia nyumba nyingine hufanya hivyo hivyo, ili paka asikimbilie nyumba ya zamani. Mimi sina ugomvi na desturi hiyo. Bibi yangu aliifuata, na paka wake hawakurudi. Ugomvi wangu ni na mtu anayempenda paka wake, anayetaka apone arudi nyumbani, halafu anambeba kama anayekwenda kumpoteza.

Kitoto cha paka hakisafirishwi hivyo. Kinachukuliwa asubuhi, kabla jua halijakaza. Unatafuta kitunga chenye kifuniko, au katoni uliyoitoboa matundu kutoka ndani kwenda nje, ili ncha kali zisibaki upande wake. Chini unatandika kipande cha kikwembe, yaani kitenge, alicholalia na mama yake, kwa sababu harufu ile inamtuliza kuliko maneno yako. Kitoto hakiwezi kushika joto la mwili wake, basi unajaza chupa maji ya vuguvugu, unaizungushia kitambaa, unaiweka upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi ajisogeze. Juu unafunika kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mkiwa kwenye moto, yaani pikipiki, kitunga kinakaa mapajani mwako. Hakining'inizwi kwenye usukani. Na ukiona kitoto kilichokuwa kinalia kimenyamaza, usifurahi. Simama, funua, utazame.

Nilitumwa Isangi, chini ya Chef wa kituo aliyekuwa mpole na mvivu. Huko wagonjwa walikuja kwa pirogi, mitumbwi ya mtoni, na watu waliwaweka paka kwenye sufuria yenye kifuniko, chini kabisa, mahali maji yanapojikusanya. Walifika wamelowa na kutetemeka, tukaanza kutibu baridi kabla ya ugonjwa. Nilizunguka bandarini nikiwaambia abiria wampakate mgonjwa magotini. Chef wa kituo aliniambia nisiwachokoze watu, nitaambiwa nina kiburi. Niliendelea, na wakasema nina kiburi.

Halafu Bafwasende. Huko ni vumbi, malori na pikipiki, na mkuu wangu alikuwa Inspekta mmoja aliyependa mbuzi tu. Nilipoomba katoni tupu za dawa zitunzwe kwa ajili ya wenye paka, alicheka mbele ya wenzangu. "Bon, mama, sasa tuko na ambulance ya paka?" Na hao ndio wale wale waliokuwa wakilia kwamba panya wamemaliza karanga ghalani. Nani aliwalindia karanga hizo, mbuzi? Hasira ile sijaimeza hadi leo.

Nilirudishwa Kisangani kumalizia miaka yangu, na hapo ndipo alipo Papa Ramazani.

Papa Ramazani ni fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu wa heshima, anayesali mstari mmoja na kaka yangu. Mnajua panya wanavyopenda duka la fundi. Walikuwa wamemtafunia kitambaa cha harusi ya watu, na wateja wakaanza kupeleka vitambaa vyao kwingine. Paka wake aliyekuwa akilinda duka alikanyagwa na moto barabarani, akaacha kitoto kimoja tu. Papa Ramazani alikinywesha maziwa kwa kitambaa kilichosokotwa, akakilaza chini ya cherehani kwenye mabaki ya vitambaa. Ndicho kilichokuwa tegemeo la duka lile. Kisha kikavimba tumbo, kikaacha kula.

Jioni moja alinisimamisha mbele ya duka lake nikitoka kazini. Nilikishika, nikavuta ngozi ya shingo kidogo kuona kama inarudi haraka. Ikichelewa, mwili umeishiwa maji. Ilirudi vizuri. Nikamwambia akilete kesho mapema, nikamweleza kitunga, kitambaa na chupa, kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi. Alitikisa kichwa akasema ndiyo, Mama Salima, nimesikia.

Kesho yake sikumwona asubuhi. Alikuja jua likiwa katikati ya kichwa, nyuma ya moto, na kwenye usukani wa dereva unaning'inia mfuko wa nailoni. Nilitoka hadi barabarani. Nikashika mdomo wa mfuko nitafute fundo, fundo hakuna. Mdomo ulikuwa umeshonwa. Alikuwa ameupitisha kwenye cherehani, mshono mara mbili, uzi wa nguvu ule anaoshonea suruali za wachukuzi. Ilibidi nirudi ndani kutafuta mkasi.

Kitoto kilikuwa kimelowa jasho la mfuko na mkojo wake, mdomo wazi, ulimi nje. Daktari wetu wa wakati huo aliacha mgonjwa mwingine akaja mbio. Tulikilaza juu ya sakafu ya saruji, tukakipangusa kwa maji ya kawaida, si ya baridi kali, kwa sababu baridi ya ghafla nayo inaua. Kilivuta pumzi mara chache. Kisha hakikuvuta tena.

Daktari alilipapasa tumbo lile lililovimba, akasema lilikuwa la minyoo. Minyoo. Dawa yake ilikuwa kabatini nyuma ya mgongo wangu, kitone cha kulamba tu.

Papa Ramazani alikuwa ameshika mfuko mtupu. Alieleza kwamba dada yake mkubwa ndiye aliyemwonya: kitoto kikiona njia ya kwa daktari, mahali pa dawa na chakula kizuri, kesho kitatoroka kije kukaa huku, na duka litabaki na panya.

"Mama, nilishona juu isione njia," alisema.

"Haikuiona," nilimjibu. "Haitarudi kwako, Papa. Umeshona muzuri."

Watu waliokuwa kwenye benchi walinitazama vibaya. Mwanamke hasemi hivyo na mtu mzima aliyefiwa, hata kama amefiwa na paka. Sikuomba radhi, na leo siombi. Mzee mwenye mvi alisikia maneno yangu jioni, akayafuata ya dada yake asubuhi, na gharama ikalipwa na kiumbe kisichoweza hata kuuliza kinapelekwa wapi.

Nilistaafu baada ya hapo. Siku ya kuagana walinipa saa ya ukutani na soda, na Daktari akasema maneno mazuri. Papa Ramazani naye alikuja, amebeba kitu kwa mikono miwili. Ulikuwa mkoba wa kubebea paka. Chini ameweka kibao, kuta za pembeni ni chandarua imara cha kupitisha hewa, ndani kuna mfuko mdogo wa kutilia chupa ya maji ya vuguvugu, juu kifuniko cha kikwembe chenye vifungo. Alisema ubaki kliniki, mwenye mgonjwa yeyote aazime. Kila mtu alipiga makofi, na mkoba ule ulistahili. Hadi sasa umetundikwa mlangoni, na vitoto vinakuja vizima ndani yake.

Niliugeuza, nikapitisha kidole mshononi. Mshono mara mbili. Uzi ule ule. Macho yangu yalijaa maji, na watu wakadhani ni furaha ya kuagwa.

"Papa Ramazani," nilimwambia, "cherehani iliyoshona mkoba huu ulikuwa nayo siku ile ya mfuko."

Alisema alikuwa nayo.