Kofia Juu ya Saa ya Injini

Callistus Etyang alikuwa na hasira na midomo ya watu. Siku hizi, alisema, hakuna anayezungumza, wote wananong'ona kama wezi. Karani wa mpakani ananong'ona. Padri ananong'ona, na kipaza sauti anacho! Hata Petronilla, mkewe, ambaye zamani akimwita shambani majirani wote waliitika, eti naye siku hizi anasemea ndani ya kikombe cha chai. "Ongea kama mtu!" Etyang alikuwa akifoka, na Petronilla akirudia, bado ulikuwa mnong'ono tu.

Na huyu ni mtu aliyeendesha malori tangu ujana wake, dirisha wazi, injini ikinguruma karibu na magoti yake. Lori lake lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililowalisha na kuwasomesha watoto. Sasa Alupo, kifungua mimba wake, alikuwa amepata leseni ya malori na alitaka usukani. Petronilla alitaka mzee apumzike. Etyang alitaka wote wawili wamwache na lori lake.

"Macho yako yako kwenye saa tu!" alimkemea Alupo asubuhi hiyo, wakitoka Chakol na magunia ya mihogo mikavu kwenda Malaba. Alikuwa amempa usukani kidogo, shingo upande, na binti kila akitaka kubadilisha gia alitupia jicho ile saa inayoonyesha mbio za injini. "Hiyo imewekewa wajinga. Injini inasema yenyewe! Ikianza kulalamika, panda gia. Ikikoroma kwa uzito, shusha. Ikipiga mayowe, ujue mshale umeingia kwenye nyekundu na unaniulia injini. Masikio, Alupo!"

Akavua kofia yake, akaifunika ile saa.

Alupo akaendesha. Gia zikaingia moja baada ya nyingine, laini, bila lori kushtuka. Mzee alitafuta kosa la kukemea akalikosa, na hilo likamuudhi zaidi.

"Simamisha. Karibu na Adungosi kuna mteremko, na si wa watoto."

Wakabadilishana viti. Kwenye mteremko Etyang hakutaka kuchoma breki, kwa hiyo akashusha gia ili injini ilishike lori, kama alivyofanya miaka yote. Akashusha tena, na hapo mwendo ulikuwa bado mkali mno. Lori likatetemeka. Alupo akamgeukia, midomo yake ikacheza. Ikacheza tena. Haya, na huyu naye ameanza kunong'ona, Etyang akawaza, akasonya.

Kando ya barabara mama mmoja muuza ndizi aliziba masikio. Mtu wa boda boda alikimbilia majanini akilikodolea macho lori. Wana nini hawa? Hawajawahi kuona lori?

Alupo akaing'oa kofia. Mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa wa nyekundu.

Etyang akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akalisimamisha lori pembeni. Harufu ya oili iliyoungua ikajaa ndani.

"Mbona husemi!" alinguruma. "Injini inakufa na wewe umekaa tu hapo, domo limefungwa! Mtoto gani wewe?"

Alupo alikuwa analia. Akamsogelea baba yake mpaka kwenye sikio, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nimepiga kelele mara tatu, Baba! Mara tatu! Na lori nalo limepiga kelele!"

Hayo aliyasikia.

Akaupiga usukani kwa kiganja, akaupiga tena. Alitaka mtu wa kumfokea. Karani? Padri? Petronilla, masikini, aliyekuwa akimwita kwa nguvu zake zote kila siku? Hakuna aliyestahili kutupiwa hasira hiyo.

Akashuka, akazunguka mbele ya lori, akaweka mkono juu ya bodi. Injini ilikuwa hai, ikitetemeka chini ya vidole vyake. Akapanda upande wa abiria, akaubamiza mlango.

"Endesha!"

Alupo akafuta machozi, akaondoa lori.

"Bado," Etyang akasema kwa ukali. "Bado... Sasa! Panda gia!"

Kofia aliiweka magotini pake, na mpaka wanafika Malaba hakuondoa macho kwenye ule mshale.