Bi Pindo Apelekwa Likizo

Mtaani kwao ni wachache waliolijua jina alilopewa na wazazi wake. Waliobaki walimwita Bi Pindo, kwa kuwa kwa miaka thelathini na mmoja alishona sare za shule, na hakuna sketi wala suruali iliyotoka mkononi mwake bila pindo pana kwa ndani. Mzazi akilalamika kwamba nguo imekuwa nzito chini, humjibu, "Mtoto haombi ruhusa ya kurefuka."

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Humo mlikuwa na vyerehani viwili vya miguu, kimoja cha umeme, na meza ya kukatia, na humo ndimo alimolea watoto watatu. Mkubwa, wa kiume, alifanya kazi benki. Wa pili, binti, alikuwa muuguzi. Wa mwisho, binti pia, aliitwa Kitinda tangu utotoni, na ndiye aliyekuwa kipenzi, maana alikulia chini ya ile meza akilala juu ya vipande vya vitambaa.

Miaka miwili nyuma Bi Pindo aliteleza ngazini akavunjika kifundo cha mguu. Akiwa bado kwenye plasta alimwandikia mwanawe mkubwa nyumba ile, ili akifa ghafla wasije wakasumbuana na mahakama. Alipopona alirudi kwenye cherehani, na jambo hilo likamtoka akilini.

Siku moja wakaja wote watatu pamoja, jambo ambalo si la kawaida.

"Mama, tumekodi nyumba nje ya nchi," mkubwa akasema. "Shambani kabisa, hakuna kelele. Siku kumi, wewe na sisi tu."

"Na sare? Shule zinafunguliwa mwezi ujao."

"Zitakungoja. Umetushonea maisha yako yote, sasa pumzika kidogo."

Maneno hayo yalimwingia. Alijigamba nayo kwa kila mteja, hata shoga yake msusi, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, akamwambia, "Haya, tumeshasikia, wewe ndiye mwenye watoto."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, imekaa juu ya mteremko wa majani, na milango yake ya mbao ililia kama inasutwa. Kila kabati la jikoni lilibandikwa karatasi yenye maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua, kwa hiyo siku ya kwanza walikunywa chai ya chumvi. Walicheka mpaka muuguzi akashika mbavu.

Mkubwa alitoa sharti moja: simu zote ziingie kwenye droo ya sebuleni, watu wapumzike kweli. Bi Pindo akatoa yake bila kinyongo. Asubuhi Kitinda alimkanda miguu kwa mafuta, mchana alilala, na jioni walimbebea kiti hadi barazani akatazama ng'ombe wa watu wakirudi. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikaa siku nzima bila sindano.

Siku ya sita aligundua kwamba pazia la chumbani kwake limeshonwa kwa mshono ambao hajawahi kuuona, uzi hauonekani mbele wala nyuma. Akataka kuupiga picha akaujaribu nyumbani. Wanawe walikuwa nje wakipanga meza ya chakula cha mchana. Akaenda kwenye droo, akakuta imo simu moja tu, ya kwake, nayo imezimwa.

Alipoiwasha, ikatetema kwa muda mrefu. Msusi alikuwa amempigia mara kumi na nne. Akampigia.

"Shoga, nimekukosea nini?" msusi akasema. "Mtu unahama hata kuniaga huniagi?"

"Nahamia wapi? Mimi niko likizo."

"Lori limekuja mara mbili. Juzi wamechukua vitanda. Jana wamebeba vyerehani. Leo mafundi wanavunja ukuta wa mbele, wanasema ni duka la dawa. Niliwauliza, wakaniambia mwenye nyumba ameshauza."

Bi Pindo alitoka na simu mkononi, akasimama mbele ya meza. Hakuketi.

"Vyerehani vyangu viko wapi?"

Mkubwa aliweka uma chini. "Mama, tulipanga kukueleza tukirudi. Huwezi kuendelea na zile ngazi. Dada ameshakutayarishia chumba kwake, chini, kina choo chake. Tungekuuliza ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana watu huulizwa."

Muuguzi akaanza kulia. "Tuliogopa ungeanguka tena. Mimi ndiye niliyekuokota pale chini, mama."

Bi Pindo alimsikia, na moyoni hakuweza kusema kwamba anadanganya. Lakini macho yake yalikuwa kwa Kitinda.

"Na wewe ulijua?"

Kitinda alitazama sahani yake.

"Tangu lini?"

"Tangu siku tuliyokupeleka kupiga picha ya pasipoti."

Siku hiyo Kitinda alimfunga kilemba kwa mikono yake, akamrekebisha kola, akamwambia, "Mama, umependeza." Kumbe kilikuwa kilemba cha ukoka, na ile miguu iliyokandwa kila asubuhi ilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tiketi hazikubadilika. Zilibaki siku nne, akazikaa. Hakugomba. Alijipikia, akaosha sahani yake mwenyewe, akala dirishani akiwapa mgongo. Kitinda alikuja kila asubuhi na chupa ya mafuta. Mama yake aliirudisha miguu chini ya kiti bila kusema neno. Upepo ulikuwa mzuri na majani ya mteremkoni mabichi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Waliporudi, nje ya uwanja wa ndege muuguzi alifungua buti ya gari ampeleke kwake. Bi Pindo alichukua begi lake, akavuka barabara hadi aliposimama msusi, aliyekuja kumpokea, wakaondoka. Alikaa chumba cha nyuma cha saluni. Msusi alizunguka kwa wauza vitu vilivyotumika mpaka akakipata kimoja kati ya vyerehani vya miguu vya shoga yake, mkanda wake umekatika. Sare za muhula ule zilichelewa, mara ya kwanza tangu aanze kazi, na Bi Pindo alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi radhi mwenyewe, kwa mguu uleule uliowatia wanawe wasiwasi.

Baada ya miezi miwili mkubwa alimletea cherehani kipya cha umeme. Alikipokea, akamshukuru kwa adabu ileile anayowapa wateja, na akamuuliza kama watoto wake wana sare za kutosha. Mkubwa alibaki mlangoni muda, funguo za gari zikizunguka kidoleni, kisha akaaga.

Kwa muuguzi kitanda kimetandikwa hadi leo, hakijalaliwa. Kitinda huja kila Jumamosi, havuti kiti mpaka aambiwe. Hupewa kopo la vifungo na mashati, nao hushona bega kwa bega mpaka alasiri. Huzungumza habari za vifungo: vya matundu mawili, vya matundu manne, vipi hung'oka upesi. Mengine hawajayagusa.