Nilivyopanda Kilima Kwenda Kuvunja Uchumba

Wenzangu wa Singida, nilisafiri kwa sababu moja, kuvunja uchumba. Mjukuu wangu Baraka, niliyemwogesha kwa mikono hii, alisema anamwoa Kavita, binti wa Kihindi. Wazazi wa Baraka wakanyamaza, eti huku ughaibuni mtoto mkubwa hakatazwi. Nikasema nitamkataza mimi, huko huko hekaluni kwao Kavita, walikotualika kwa sikukuu.

Jumamosi asubuhi tuliondoka Upper Marlboro, Baraka anaendesha, mimi nahubiri. Kiswahili anakisikia ila hujibu Kiingereza. Tukafika Rockville kila mtu ameshinda ugomvi kwa lugha yake.

Hekalu liko kilimani, nyuma ya duka la magodoro. Kilima chenyewe kwetu tungeita tuta. Kavita alitupokea kwa heshima, akanisimulia kisa. Mungu wao wa kike aligombana na mumewe, akapanda kilimani akajifungia. Kila mwaka sanamu ya mume hupandishwa kumbembeleza, na wanawake walio ndani humhoji kabla ya kufungua. Mimi Mlutheri, lakini mama huyo nilimwelewa.

Saa sita msafara ulipanda kwa ngoma. Ndani mlango ulishikwa na bibi yake Kavita, mzaliwa wa Mwanza, naye uchumba huu hautaki kabisa. Nje, upande wa mume, walisimama mabwana wa kompyuta, wanabisha kwa kidole kama wanaogopa kumwamsha mgonjwa. Walipoulizwa mume ana sifa gani, mmoja akatoa simu asome jibu. Mnanijua, nimesimamia milango ya maharusi tangu ujana. Nilivumilia, nikashindwa. Nikawapangua, nikagonga kwa ngumi.

"Fungueni. Mwenye nyumba amechoka kusimama juani."

Bibi yake Kavita akajibu kutoka ndani kwa Kiswahili cha Mwanza: "Wewe unayemsemea, unamjua?"

"Namjua, dada. Mkaidi, haambiliki. Lakini anapika, anafua nguo zake, na hajawahi kuniinulia sauti."

Hapo nikashtuka. Mume wa mungu hafui nguo. Nilikuwa namsifu Baraka, watu wote wanasikia.

"Na sufuria anasugua?"

Ningeweza kudanganya. "Anasugua, hata chini."

Mlango ukafunguliwa.

Jioni tulirudi na vitamu vyao mapajani. Nilichojifunza ni kwamba mwenye mdomo kama wangu asisogezwe karibu na mlango uliofungwa. Lakini msinielewe vibaya. Mimi na bibi yake Kavita tumekubaliana kwamba uchumba huu tunaupinga, na msimamo wetu haujabadilika. Jumanne tunakutana kuchagua vitambaa vya harusi.